Barua Ndani ya Ngozi

Msomaji, kabla hujaendelea mbele, nakusihi upitishe kidole juu ya paji la uso wako. Ikiwa wasoma maneno haya pwani, mchana wa miezi ya kaskazi, kidole kitarudi na unyevu. Ukikitia ulimini utaonja chumvi. Jambo hili ni dogo kwako, na pengine utaniona mtu wa ajabu kukuamuru ujionje mwenyewe. Mimi nami nalilidharau, mpaka siku nilipokaribia kumwua mtoto wa watu kwa kutolijua.

Mwaka 1974 nalikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi upande wa bara ya Malindi. Shule yenyewe siitaji jina, kwa kuwa kosa ninalotaka kulisimulia lilikuwa langu, si la shule. Katika darasa langu alikuwamo mvulana wa miaka minane ambaye nywele zake zilikuwa chache na laini kama ndevu za mahindi machanga. Kinywani alikuwa na meno manne tu, tena yamechongoka. Nyusi hakuwa nazo. Wenziwe walimwita Kibogoyo. Nami, niliyepaswa kuwakataza, nilimwita hivyo hivyo asubuhi nilipokuwa nikisoma orodha ya majina, na darasa zima likicheka.

Mtoto huyu alikuwa na desturi iliyonichukiza. Kila kengele ya mapumziko ilipolia alikimbilia tangi la maji ya mvua, akalowesha shati lake, akalivaa likiwa linachuruzika, kisha akaketi chini ya mwarobaini peke yake. Wakati wa michezo alijificha. Niliona uvivu, na juu ya uvivu, uchafu. Siku moja ya mwezi wa Februari, jua likiwa utosini, nilimtoa chini ya mti nikamwamuru auzunguke uwanja mara kumi huku wenziwe wakimtazama. Mara ya tatu alikuwa akipepesuka. Mara ya sita alianguka kifudifudi, na miguu yake ikawa inatetemeka.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyetoka mbio. Alikuwa mtu mwenye ualbino. Siku zile tulitumia neno jingine ambalo sasa silipendi hata kulitaja. Alikuwa na miaka kama kumi kunizidi, na hakuna aliyemwona nje ya nyumba bila kofia yake pana ya ukili na shati la mikono mirefu. Alimbeba mtoto mpaka tangini, akammiminia kata baada ya kata, kisha akaniita. "Mwalimu," akasema, "huyu haumwi na uvivu. Hebu mguse."

Nilimgusa. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama chungu kilichotoka jikoni, na ilikuwa kavu. Maji yalipoteremka hayakukuta tone moja la jasho. Mimi niliyesimama tu nilikuwa nimelowa mgongo mzima. Mtoto aliyekimbia mara sita hakuwa na unyevu hata kwapani.

Mama yake alikuja jioni. Hakunitukana, na afadhali angalinitukana. Alisema, "Mwalimu, mwanangu ni mkavu tangu kuzaliwa. Kaka zangu wawili walikuwa vivyo hivyo. Mmoja alikufa angali mchanga kwa homa ya mchana. Ndiyo maana nimemfundisha kujilowesha." Basi lile nililoliita uvivu lilikuwa dawa, na aliyemfundisha alikuwa mama asiyepata kukaa darasani hata siku moja.

Ilinichukua miaka mingi kupata kuelewa niliyoyaona. Mengi niliyafahamu kwa mpwa wangu aliyesomea udaktari, ambaye alivumilia maswali ya mjomba wake kuliko nilivyopata kuvumilia ya wanafunzi wangu. Sasa nataka nikupitishie wewe.

Wengi wetu hudhani ngozi ni gunia tu la kutilia nyama na mifupa. Sivyo. Mtu mzima ana tezi za jasho baina ya milioni 2 na milioni 4, na kila moja ni mrija mwembamba uliozama katika ngozi, ambao mwisho wake wa chini umejiviringa kama kamba ya mashua iliyowekwa. Maji yanayotoka humo hayatupozi kwa kutiririka bali kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori zipatazo 580 za joto, na joto hilo latosha kuchemsha lita 7 za maji ya mtungini. Hebu fikiri joto hilo likose njia ya kutokea, libaki ndani ya kifua cha mtoto.

Tezi hizo hazichipui tukiisha zaliwa. Mtoto tumboni huanza kuzipata katika viganja na nyayo yapata juma la 12 au 13. Sehemu nyingine za mwili hufuata tangu juma la 20 au karibu yake. Akizaliwa, hesabu yake imekwisha fungwa. Atakua, atanenepa, atazeeka, na hataongezewa hata moja.

Je, ngozi changa hujuaje mahali pa kuchimba tezi? Hapa ndipo penye ajabu ambayo sijaizoea hata leo. Mwili umejengwa kwa chembe hai, ambazo vitabu huziita seli, na seli hazina macho wala masikio. Lakini huandikiana. Seli moja hutoa protini, nayo protini huelea mpaka kwa jirani, na jirani ana juu ya ukuta wake kipokeo kilichotengenezwa kwa umbo la protini hiyo na si nyingine, mfano wa sanduku la posta lenye tundu linalopitisha barua ya namna moja tu. Barua ikiingia, habari hupokezanwa ndani kwa matarishi wengi mpaka kwenye kiini, ambamo jeni zimehifadhiwa. Kiini kikisikia, jeni nyingine hufunguliwa na nyingine hufungwa, na seli hubadili mwenendo: hugawanyika, huhama, hujibana na wenzake, ama hufa.

Ngozi ya mtoto tumboni ina tabaka la juu na tabaka la chini, na matabaka hayo mawili hujibizana bila kukoma. Mahali fulani barua hukutana na kusema "hapa", na seli za tabaka la juu hukusanyika zikafanya kinundu kidogo. Kinundu huzama, hurefuka, na kikiendelea kupata barua zinazofaa huwa tezi. Kwa barua nyingine huwa unywele. Chini ya ufizi, kwa mwanzo unaofanana na huo, huwa jino.

Moja katika barua hizo za mwanzo yaitwa ektodisplasini. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1996, nayo imekaa katika kromosomu X. Jeni hiyo ikiharibika, barua haiandikwi, au huandikwa kwa mwandiko usiosomeka. Sanduku liko, matarishi wako, kiini kinangoja, na hakuna kitu kinachofika. Kwa hiyo vinundu vingi havianzi kabisa. Meno, nywele na jasho ni vitu vitatu ambavyo mimi, kwa akili zangu, nisingalivifunga katika fungu moja. Lakini vyote vilingoja barua ile ile, nayo haikuja.

Wala mtoto wa darasa langu hakuwa wa kwanza kutazamwa na watu waliostaajabu. Charles Darwin, katika kitabu alichokitoa tena mwaka 1875, alisimulia habari za jamaa moja ya Sindh, ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Wanaume kumi, katika vizazi vinne, walikuwa na meno machache na madogo, nywele haba mwilini, na upara wa mapema. Na wakati wa joto waliteswa na ukavu wa ngozi. Mabinti wa ukoo ule hawakupatwa, lakini waliwarithisha wana wao wa kiume. Darwin hakujua kromosomu ni nini, lakini aliona sawasawa. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa ile moja ina kasoro, hana akiba. Mwanamke anazo mbili. Ndiyo sababu yule mama aliyekuja kwangu jioni alikuwa na jasho lake, na kaka zake walikuwa wakavu.

Sasa nimtaje mwalimu mwenzangu, kwani habari yake ni upande wa pili wa habari hiyo hiyo, ijapokuwa wakati ule hakuna kati yetu aliyeweza kujua hivyo.

Yeye alitoka jasho kama mimi. Tezi zake zilikuwa kamili. Alichokosa ni ile rangi ya ngozi inayokinga jua. Yapata mwaka 1985 alitokwa na kipele mbele ya sikio la kushoto. Kilikuwa kidogo, kinang'aa kama lulu. Kikatoa damu, kikafunga gamba, gamba likabanduka, kikatoa damu tena. Hakikumwuma. Alikipaka kila alichoambiwa akipake, na kila mara nilipomwambia aende hospitali alicheka akasema, "Kitu kisichouma nitakwenda kukishitakia nini?" Akakaa nacho miaka saba. Alipokwenda, daktari alimwambia kwamba ni saratani ya aina isiyopenda kuruka kwenda viungo vya mbali, bali huchimba pale pale ilipoanzia, na kwamba ilikwisha fika mfupani. Walimkata sikio. Alifariki mwaka 1996.

Msomaji, nitakueleza kilichokuwa ndani ya kipele kile, lakini yanipasa nianze mbali, kwa nzi.

Mwaka 1980, katika mji wa Heidelberg nchini Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walitangaza matokeo ya kazi yao ya kuwaharibia nzi wa matunda jeni, moja baada ya nyingine, ili waone mabuu yatatoka na ila gani. Kazi hiyo iliwapatia tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Edward Lewis. Buu mmoja alitoka mfupi, amejaa vijimiba mwili mzima, wakaiita jeni ile kwa jina la kalunguyeye. Mwaka 1993 ilijulikana kuwa wanyama wenye uti wa mgongo wanazo jeni za jamaa ile, na moja ilipewa jina la kalunguyeye wa mchezo wa watoto wa televisheni. Mimi sikupendezwa na mzaha huo, kwa kuwa daktari hulazimika kulitamka jina hilo mbele ya wazazi wenye majonzi. Lakini jina limekwisha shika.

Barua ya Kalunguyeye ina kazi nyingi mwilini. Katika ngozi, huuamuru unywele uzame na ukue. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba panapotakiwa tezi ya jasho, barua hiyo hunyamazishwa na barua nyingine hushika nafasi. Panya huwa na jasho katika nyayo peke yake, na mwili uliobaki ni manyoya. Lakini ngozi ya binadamu tumboni hupokea kwanza amri ya nywele, kisha baadaye, pale pale, amri ya jasho. Ndipo sisi tukaweza kutembea mchana kutwa huku mnyama mwenye manyoya akitafuta kivuli.

Sikiliza jinsi barua hii inavyopokelewa, maana haifanani na nyingine. Kwenye ukuta wa seli amesimama askari, ambaye waliompa jina walimwita Kiraka. Ndani yuko mpiga mbiu. Kazi ya askari ni kumziba kinywa mpiga mbiu. Siku zote, mpaka barua ije, pako kimya. Barua ya Kalunguyeye ikifika, askari huishika, na kwa kuishika humwachia mpiga mbiu. Naye hupiga, na kiini husikia: kueni, gawanyikeni, zameni chini. Barua ikiisha, askari hurudi mahali pake, kimya kikarejea.

Basi jua la miaka mingi lilimpiga mwalimu mwenzangu mbele ya sikio. Miale yake huvunja DNA. Katika seli moja, kati ya maelfu kwa maelfu, jeni ya Kiraka iliharibika. Na kwa kuwa kila seli inayo nakala mbili, ilibidi zote mbili ziharibike. Siku ya pili ilipoharibika, mlango ukabaki bila askari. Hapakuwa na barua. Hakuna aliyeandika. Lakini mpiga mbiu alipiga, na seli ikatii, ikazaa nyingine zisizo na askari, nazo zikatii. Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo. Mle lililia pasipo jambo, usiku na mchana. Mtaalamu akiitazama saratani hii kwa hadubini huona seli zimejikusanya na kuzama kutoka tabaka la juu, mfano wa vinundu vya nywele katika ngozi ya mtoto aliye tumboni. Uso wa mzee ulikuwa ukitekeleza amri ya kitoto.

Haya hatukuyajua kwa kukisia. Mwaka 1960 madaktari Robert Gorlin na Robert Goltz waliandika habari za watu ambao hutokwa na saratani za namna hii kwa wingi, tena tangu ujana. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba watu hao huzaliwa na nakala moja ya jeni ya Kiraka imekwisha haribika. Uone tarehe, msomaji. Jeni ya barua aliyoikosa mwanafunzi wangu, na jeni ya askari aliyepotea kwenye shavu la mwenzangu, zilitambuliwa mwaka mmoja, na ndio mwaka tuliomzika.

Dawa nayo ilikuja kwa njia ya kondoo. Katika miaka ya 1950 wafugaji wa Idaho, Marekani, walishangaa kuona kondoo wao wakizaa wana wenye jicho moja katikati ya uso. Mwaka 1957 Wayne Binns alitumwa kuchunguza. Iligunduliwa kuwa kondoo jike akila mmea fulani wa porini siku ya 14 ya mimba yake, mwana huharibika. Sumu ya mmea ule iliitwa siklopamini. Baadaye ilijulikana kazi yake: humziba kinywa yule mpiga mbiu. Mwana-kondoo aliyemhitaji ili uso wake ugawanyike sawasawa alimkosa, akazaliwa na jicho moja. Lakini ikiwa kuna dawa ya kumnyamazisha, mbona asinyamazishwe mahali anapopiga kelele za bure? Kwa fikira hiyo ikatengenezwa dawa ya vismodegibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa wagonjwa ambao saratani yao haiwezi kukatwa. Si dawa ya mchezo. Huondoa nywele na ladha ya chakula, kwa sababu vinyweleo na ulimi vingali vikiihitaji barua ile. Na mwanamke mja mzito haruhusiwi kuikaribia, kwa sababu ya wale kondoo. Tena seli za saratani hujifunza kuikwepa. Ilimkuta mwenzangu kaburini miaka 16.

Ningependa kuongeza kwamba kwa watu wenye ualbino katika nchi zetu aghalabu huua saratani nyingine ya ngozi, inayoanzia katika seli bapa za tabaka la juu, nayo huenda kwa kasi zaidi. Wala dawa ghali siyo iliyowaokoa wengi, ila kofia, shati refu, mafuta ya kukinga jua, na kidonda kuonyeshwa mapema. Huko Moshi, Tanzania, mafuta hayo yalianza kutengenezwa papo hapo kwa ajili yao, yakaitwa Kilisun. Hapa Kenya Serikali ilianzisha mpango wa kuwagawia bila malipo. Mwenzangu alikuwa na kofia ya ukili tu, na ukili hauyafuniki masikio.

Pana ugonjwa mmoja nisioweza kuuacha, ijapokuwa ni wa nadra. Watu wenye ugonjwa huo hutokwa na nundu kichwani, pengine nyingi hata zikakifunika kichwa kama kilemba, na madaktari wa zamani waliziita kwa jina la kilemba. Nundu hizo huota katika nywele na tezi za ngozi. Mwaka 2000 jeni iliyoharibika ilipatikana. Na baadaye ikafahamika kuwa kazi yake ni kumpunguza mwendo tarishi fulani wa ndani. Tarishi gani? Yule yule anayeibeba habari ya ektodisplasini. Asipopewa barua, hakuna tezi. Asipozuiwa, tezi hugeuka nundu. Mpwa wangu aliponiambia haya nilinyamaza kitambo. Niliwaona tena wote wawili pale tangini, mmoja akimmiminia mwenziwe maji.

Yule mvulana hakufa. Alikua akawa mvuvi, na kazi hiyo aliichagua kwa akili: hutoka usiku, hurudi alfajiri, na bahari iko chini ya mkono wake saa zote za kulowesha shati. Alioa, akapata mabinti watatu na mwana mmoja. Mwana hana kasoro, kwani baba humpa mwana Y na si X. Lakini kila binti amebeba ile X. Wa kwanza aliwahi kumwambia mamaye kwamba akifanya kazi juani gauni lake hulowa mapande mapande, huku pamelowa na huku pakavu. Na hivyo ndivyo ilivyo, kwa kuwa katika kila kipande cha ngozi ya mwanamke X moja husinzia na nyingine hufanya kazi.

Mwaka 2018 binti huyo alikuwa mja mzito, na mwaka huo huo mpwa wangu aliniletea habari kutoka Erlangen, Ujerumani. Mama mmoja, aliyekuwa tayari na mtoto mkavu, alichukua mimba ya pacha, wote wavulana, na picha za tumboni zikaonyesha kwamba nao wamepungukiwa na vijimbegu vya meno. Madaktari walikuwa na protini ya ektodisplasini iliyotengenezwa nje ya mwili; mwaka 2003 ilikwisha jaribiwa kwa panya wenye kasoro ile, ikafaa. Watoto wachanga waliowahi kupewa baada ya kuzaliwa hawakupata jasho, kwa kuwa barua iliwafikia mlango umekwisha fungwa. Basi juma la 26, na tena juma la 31, madaktari waliitia kwa sindano katika maji anamoogelea mtoto. Pacha wale waliimeza pamoja na maji. Mtoto wa mama mwingine alipewa mara moja tu, juma la 26. Wote watatu walizaliwa, wakakua, wakatoka jasho.

Nilikwenda kumwambia mvuvi. Nilimkuta pwani akitengeneza wavu, shati likimdondoka maji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, hiyo barua yao yaweza kutumwa mpaka huku kwetu?"

Nikamjibu kwamba bado ilikuwa katika majaribio, na wenye kuitia walikuwa wachache, tena mbali. Akavuta fundo la wavu, akasema, "Haya. Sisi tuna maji."

Mjukuu alizaliwa mwisho wa mwaka, mvulana. Miezi ya kaskazi ilipoanza babu yake hakungoja daktari. Alipitisha kidole katika paji la mtoto mchana, akakionja, akakipitisha tena. Siku hiyo hiyo walihamisha kitanda cha mtoto upande wa upepo, wakatundika kanga mbichi dirishani. Mtoto huyo hajapata kuzimia hata mara moja.

Alipotimiza miaka sita aliandikishwa shule, Gredi ya Kwanza. Jioni ya kuamkia siku ya kufungua, babu alikuja nyumbani kwangu na mtoto. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Nimekuja uniandikie barua ya kumpelekea mwalimu wake." Hakutabasamu aliposema hivyo, wala hakuwa na kisasi. Nilichukua karatasi. Niliandika kwamba mtoto huyu hana tezi za jasho; kwamba asishindanishwe mbio juani; kwamba akiomba kwenda bombani aruhusiwe hata katikati ya somo, na shati lake likiwa limelowa asiulizwe; kwamba akiwa na ngozi ya moto na maneno yasiyoeleweka atiwe kivulini, amiminiwe maji mwili mzima, na hospitali iarifiwe wakati huo huo.

Nilimsomea. Alitikisa kichwa kukubali kila jambo. Nilipoanza kuikunja alinishika mkono.

"Bado neno moja," akasema. "Mwandikie kwamba mtoto ana jina, na aitwe kwa jina lake."

Nikaikunjua, nikaandika.